Misuli inauma, ni dawa au ni kilomita 21?

Jumanne moja asubuhi kaingia mzee wangu mmoja wa miaka 52, anashuka ngazi kinyumenyume huku kashika ukuta, mkononi ana karatasi ya maabara. "Dokta, hii dawa ya kolestro inanimaliza, nimeiacha tangu jana." Naangalia CK, ile enzaimu inayovuja kwenye damu misuli ikichanika, ni 1,400, na mwanaume wa kawaida huwa haizidi sana 200. Nikamuuliza, Jumapili ulikuwa wapi? Moshi, Kilimanjaro Marathon, nusu.

Sasa hapo unaona. Ukikimbia hivyo, hasa kwenye mteremko, CK inapanda hata kama hujawahi kumeza kidonge maishani mwako, na inakaa juu siku kadhaa. Statini, yaani hizi dawa za kolestro, zinaweza kuongezea, wakimbiaji waliopimwa Boston Marathon ya 2011 wale wanaozitumia CK yao ilipanda zaidi na hasa wenye umri mkubwa, ila kupima CK siku mbili baada ya mbio ni kuzipima mbio zenyewe.

Maumivu ya dawa mara nyingi yanakuja wiki za mwanzo au dozi ikipandishwa, tena mapaja yote mawili, nyonga, mabega. Huyu alikuwa na atorvastatini, moja ya hizo statini, mwaka wa tatu! Halafu kuna utafiti wa SAMSON wa 2020, watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara wakapewa miezi ya dawa na miezi ya kidonge cha bandia kisicho na dawa ndani, bila kujua kipi ni kipi, karibu asilimia 90 ya usumbufu ukaonekana hata kwenye bandia. Maumivu yalikuwa ya kweli kabisa jamani, mtu hajifanyi, ila hofu nayo inauma.

Usichopuuza ni mkojo kuwa kama chai ya rangi na misuli kuishiwa nguvu, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo. Na ukiandikiwa antibiotiki ya klarithromaisini sema kwanza kwamba unatumia simvastatini au atorvastatini, hazipatani.

Mzee nikamwambia rudi kwenye dawa, acha mbio siku saba, tupime tena, maana CK ikishuka huku unameza, dawa haina kesi. Ikarudi 180. Na amekubali kwamba jogging ya Jumamosi peke yake haimtoshi mtu kwenda Moshi.