Msitu wa Kakamega Si Mtupu

"Hapa hakuna wanyama." Kila likizo ya Agosti nasikia maneno hayo, mara nyingi kutoka kwa mzazi au mwalimu aliyefika saa tano asubuhi, watoto wakipiga kelele tangu getini. Wengi wetu tumekua tukijua mnyama ni simba, ndovu na twiga, tena wa kutazamwa ukiwa umeketi garini. Basi mtu anatembea nusu saa Isecheno au Buyangu, sehemu mbili za Msitu wa Kakamega, macho chini, anarudi akisema imebaki miti tu. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi amepita chini ya mbega, kima mweusi mwenye manyoya marefu meupe, bila kuinua kichwa.

Huu ndio msitu wa pekee Kenya uliobaki wa jamii ya misitu ya mvua ya Kongo. Aina za ndege zilizorekodiwa humu zimepita 300, na vipepeo nao ni mamia. Ila wengi wa viumbe hawa wanaishi juu matawini.

Huyo mbega anakula majani, chakula chenye lishe haba na kigumu kusagika. Tumbo lake limegawanyika vyumba kama la ng'ombe, na sehemu kubwa ya siku ametulia tu chakula kikichachuka. Asubuhi hupanda vileleni kuota jua. Ukiwa njiani saa kumi na mbili na nusu utamsikia akinguruma, kisha utaona mkia wenye shungi jeupe ukining'inia. Saa sita mchana yuko pale pale, amezama kwenye majani. Hondohondo naye, ndege mwenye mdomo mkubwa, mabawa yake utayasikia yakivuma kabla hujamwona. Wakati wa kutaga, jike huziba mlango wa tundu la mti kwa udongo akiwa ndani, akaacha ufa mwembamba ambao dume humlishia. Utayaona haya vipi ukiwa na spika ya muziki begani?

Ushauri wangu ni uleule, na sitachoka kuurudia: simameni. Dakika kumi, mahali pamoja, bila neno, simu mfukoni. Hata watoto wa darasa la pili wanaweza. Wanaoshindwa kwa kawaida ni watu wazima. Mkikuta msafara wa siafu, chomekeni suruali ndani ya soksi, sogeeni kando, mtazame vichaka vya karibu. Wadudu wanaowakimbia siafu huwavuta ndege wa chini ambao siku nyingine huwaoni kabisa.

Wapo wanaoamini mwongozaji ni wa wazungu, mwenyeji hamhitaji. Njia unaweza kuijua, sawa. Lakini mikuyu ya msituni haizai yote kwa msimu mmoja. Mkuyu huu ukiisha kuzaa, mwingine unaanza, na kima na ndege huhamia palipoiva. Anayeingia msituni kila siku anajua wiki hii ni mkuyu upi. Hicho ndicho unacholipia.

"Agosti ni mvua, tungoje Desemba." Mvua ya huku mara nyingi hushuka alasiri. Njooni alfajiri, mtakuwa mmemaliza kabla haijaanza. Vaeni gambuti.

Nyoka? Wapo, swila na kifutu wakiwemo, na wengi hujiondokea wakihisi mtikisiko wa hatua zenu. Kaeni njiani. Msitie mkono kwenye shimo, wala msikalie gogo kabla mwongozaji hajalikagua.

Na tafadhali, kumrushia kima ndizi si wema. Chakula chake kiko msituni tele. Akishazoea cha wageni, huanza kunyang'anya watoto mikoba na kuvamia mashamba ya jirani, na huko hupigwa mawe au kutegewa mitego. Ndizi zenu kuleni kwenye gari, na maganda mrudi nayo nyumbani.