Mbwa wa Kuwinda Katika Ua wa Tanga: Mpe Kazi Kabla Hajaitafuta Mwenyewe

Malalamiko tunayoletewa sisi wataalamu wa mifugo kuhusu mbwa wa kuwinda yanafanana, yawe yametoka Sahare au Mabokweni. Mbwa amechimba chini ya uzio. Ameruka ukuta, akakimbiza mbuzi wa jirani hadi barabarani. Anabweka usiku kucha, ametafuna viatu, mpira wa maji na mguu wa kiti. Mwenye mbwa huuliza swali moja: tumpe dawa gani atulie? Dawa hiyo haipo. Ukimpima mbwa huyo, mara nyingi unamkuta mzima kabisa, misuli imejaa na macho maangavu. Anachokosa ni kazi, na makala haya yanaeleza namna ya kumpatia kazi hiyo katika mji wenye joto, unyevu na nyumba zilizosongamana.

Mfano nitakaoutumia zaidi ni mbwa aitwaye Rhodesian Ridgeback, kwa sababu watu wengi wanaotafuta mlinzi mwenye umbo humtamani bila kujua alikotoka. Asili yake ni kusini mwa Afrika. Wakhoikhoi walikuwa na mbwa wenye mstari wa nywele mgongoni ulioelekea kichwani badala ya mkiani. Walowezi wakawapandisha na mbwa waliowaleta kutoka Ulaya. Mwaka 1922 Francis Barnes na wafugaji wenzake walikutana Bulawayo, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, wakaandika sifa rasmi za mbwa huyu. Dume hufika kimo cha sentimita 63 hadi 69 begani na uzito wa kilo 36 au zaidi kidogo, jike kama kilo 32.

Kazi aliyochaguliwa kuifanya ilikuwa kumfuata simba kwa harufu, kumfikia, kisha kumzunguka na kumbwekea, akiingia na kutoka, mpaka mwindaji afike na bunduki. Hakutakiwa kumuua simba, wala asingeweza. Alitakiwa kukimbia mbali juani, kuamua mwenyewe bila kungoja amri, na kutomwachia kiumbe kinachoondoka. Sasa mweke mbwa wa namna hiyo katika ua wa hatua kumi kwa kumi, siku nzima, aone kuku wakipita nje ya geti. Hayo mashimo anayochimba yasitushangaze.

Mengi nitakayoyaeleza yanawahusu pia pointa wa Kijerumani, na hata mbwa wetu wa kienyeji wanaofuatana na wakulima wa Muheza kufukuza ngedere na nguruwe pori mashambani.

Mnyororo

Suluhisho linalokimbiliwa kwanza ni mnyororo. Niseme bila kuzunguka: mnyororo wa kutwa nzima huzaa mbwa hatari. Mbwa aliyefungwa anaona watoto wakipita, hawezi kuwafikia awanuse wala kuwakwepa. Hasira inapanda. Anajifunza kwamba akifyatuka na kubweka, watu huondoka, kwa hiyo kesho anafyatuka kwa nguvu zaidi. Siku mnyororo unapokatika, anayeumia ni mtoto aliyekuwa akitumwa dukani. Pia kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayompa mwenye mnyama wajibu wa kumkinga na mateso.

Tengeneza ua. Ukuta wa mita moja na nusu hautamzuia Ridgeback mzima aliyeona paka upande wa pili. Nenda mita mbili kama unaweza. Kwa mchimbaji, zika mawe au tofali kuukuu chini ya uzio kwa kina cha goti. Kivuli kiwepo saa zote, na maji mengi kwenye chombo kizito asichoweza kukipindua.

Saa ya kukimbia

Jambo ambalo wenye mbwa wa pwani wanapaswa kulijua kuliko yote ni joto. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema, unyevu wa mdomoni ukiondoka na joto. Hewa ya Tanga wakati wa kaskazi, hasa kuanzia Januari hadi Machi, tayari imeshiba unyevu, kwa hiyo kuhema kwenyewe kunapungua nguvu. Kwa bahati mbaya mbwa wa kuwinda haachi kukimbia kwa sababu amechoka. Ataendelea mpaka aanguke.

Kwa mbwa mzima, panga saa moja ya mwendo wa kweli alfajiri, uwe umesharudi kabla jua halijawaka, na nusu saa au zaidi jioni baada ya magharibi. Ufukwe wakati maji yamekupwa ni uwanja mzuri sana, kwa kuwa mchanga ni mgumu na nafasi ni kubwa. Fuata ratiba ya maji kama wavuvi wanavyoifuata. Beba maji matamu, maana akinywa maji ya chumvi ataharisha. Mwangalie asiokote samaki waliotupwa na mawimbi: bunju ana sumu kali inayopoozesha misuli ya kupumua, na bunju mmoja mkavu mchangani anatosha kumuua mbwa. Mchana, ukilazimika kutoka, weka kiganja chako juu ya lami kwa muda wa kuhesabu mpaka saba. Kama huvumilii, nyayo zake nazo hazivumilii.

Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likipita 41 yuko hatarini. Utamwona akihema kwa fujo, mate yanakuwa mazito, fizi nyekundu sana, miguu inayumba, pengine anatapika. Mpeleke kivulini palipo na upepo, mmwagie maji ya kawaida tumboni, kwenye mapaja kwa ndani na kwenye nyayo, mpepee, kisha mpeleke kwa daktari hata kama anaonekana amepata nafuu, kwa sababu figo na ini huweza kuharibika kimya kimya. Usimfunike kwa khanga iliyoloa ukamwacha nayo. Inageuka blanketi la mvuke.

Mtoto wa mbwa ana hesabu yake. Mpaka afike mwaka mmoja na nusu mifupa inaendelea kukua, kwa hiyo asikimbizwe nyuma ya pikipiki wala baiskeli. Acheze, atembee, apumzike.

Pua kabla ya miguu

Ninachotamani kila mwenye mbwa akijue ni hiki: ukimkimbiza tu kila siku, unatengeneza mwanariadha. Mwezi ujao atahitaji saa mbili, na mwaka ujao hutamweza. Kinachomchosha mbwa wa kuwinda akalala kwa utulivu ni kutumia pua na akili.

Wala huhitaji kununua kitu. Chukua makumbi ya nazi, ficha ndani yake vipande vidogo vya nyama au dagaa, yatawanye uani, kisha mwache ayatafute. Anza na mahali paonekanapo, halafu zidisha ugumu: chini ya ndoo, juu ya tofali, nyuma ya mti. Siku nyingine funga kipande cha utumbo kwenye kamba, kikokote nyasini kwa mstari wenye kona mbili tatu, ukifiche mwisho, kisha mlete mbwa mwanzoni mwa mstari. Utamwona anabadilika: mkia unakaa sawa, kichwa chini, masikio hayasikii kitu kingine. Dakika ishirini za kazi hiyo humtuliza kuliko mbio ndefu ufukweni. Hata mlo wa jioni usimpe wote kwenye sahani, nusu auhangaikie.

Halafu kuna mbuzi. Silika ya kufukuza haifutiki, lakini inaweza kuwekewa breki. Mfunze kuja anapoitwa angali mdogo, kwa neno moja ambalo nyumba nzima inalitumia, na kila anapofika apate kitu kizuri. Usimwite ukampiga, ukifanya hivyo mara moja, umemfundisha kutokuja. Mfungie kamba ya mita kumi mwezi baada ya mwezi kabla ya kumwachia. Sisi ni watu wa mkonge na kamba ya katani inapatikana kirahisi, ila inachubua vibaya viganja mbwa anapochomoka ghafla, basi vaa glavu au tafuta kamba laini. Mpitishe mbali na mbuzi waliofungwa, umtuze anapowatazama kisha akakugeukia wewe, na siku kwa siku usogee kidogo. Kazi hii ni ya miezi. Wapo mbwa ambao hawatafaa kuachiwa huru karibu na mifugo hata baada ya mafunzo, na mwenye mbwa wa namna hiyo amtembeze kwa kamba maisha yake yote bila kuona aibu.

Wale wanaofikiria kumtumia kuwindia wakumbuke kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwinda bila kibali, awe na mbwa au asiwe naye.

Jirani

Waislamu ni wengi Tanga, na jirani anayekwenda msikitini alfajiri ameshatawadha. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wa pwani wanayafuata, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Wakati huohuo mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wametajwa kuwa wanaruhusiwa, na aya ya nne ya Suratul Maida inazungumzia mawindo yanayokamatwa na wanyama waliofunzwa. Undani wa hukumu ni wa masheikh. Langu mimi ni la vitendo: mbwa awe kwenye kamba fupi kila apitapo mtaani, chagua njia isiyopita mlango wa msikiti saa za swala, banda lisiegemee ukuta wa jiko la jirani, na vyombo vyake visichanganyike na vya nyumbani. Nenda ukapige hodi kwa jirani kabla mbwa hajafika, umwambie unaleta mbwa wa aina gani na utamtunza vipi. Ugomvi mwingi tunaousuluhisha ungekwisha kwa ziara hiyo moja.

Magonjwa na chakula

Chanjo ya kichaa cha mbwa anapotimiza miezi mitatu, kisha marudio kila mwaka, kadi itunzwe. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Asisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Mbwa anayetembea vichakani anaokota kupe, na kupe humpa homa inayomkondesha, kumpausha fizi na wakati mwingine kumtoa damu puani. Mkague kila mnaporudi: masikioni, kwapani, katikati ya vidole. Anayekwenda upande wa Pangani na Saadani akumbuke mbung'o. Nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, humpata mbwa pia, na dalili mojawapo ni jicho kugeuka la bluu au jeupe kama lenye ukungu. Usikimbilie duka la pembejeo kununua sindano ya ng'ombe. Dawa hiyo ina nafasi finyu sana kati ya kipimo kinachoponya na kinachoharibu ubongo wa mbwa. Dawa za kuogeshea ng'ombe nazo hudhuru zikikosewa kipimo.

Ugali pekee haumtoshi mbwa wa kazi. Aongezewe nyama, dagaa wasio na chumvi nyingi, au utumbo uliopikwa vizuri. Mahindi yaliyoota ukungu usimpikie kamwe, maana sumukuvu huua ini lake. Mgawie chakula mara mbili kwa siku, na asikimbie mara baada ya kula. Ridgeback ana kifua kirefu, na mbwa wa umbo hilo hupatwa na tumbo kujaa gesi na kujisokota: linavimba, anajaribu kutapika hakitoki kitu, hatulii. Hapo una saa chache tu, na tiba ni upasuaji.

Kabla ya kununua

Mpapase mtoto wa mbwa shingoni na mgongoni kwa vidole viwili, ukiivuta ngozi juu. Ukihisi kitu kama uzi mgumu unaoshuka kuelekea uti wa mgongo, huenda ana kasoro ya kuzaliwa ambayo huingia usaha na kuhitaji kupasuliwa. Kasoro hiyo imefungamana na vinasaba vilevile vinavyoleta mstari wa mgongoni, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa bila mstari, ambaye wauzaji humdharau, kwa kawaida ni salama zaidi upande huo. Kwa nyumba isiyohitaji mbwa wa maonyesho, ningemshauri mtu amchukue huyo.

Na kama unatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku, na hakuna mtu mzima wa kumtembeza, usimnunue. Chagua mbwa mtulivu wa kienyeji. Aliyekwisha kununua na kushindwa asimpeleke porini wala asimwachie kwenye mashamba ya mkonge. Huko atajiunga na mbwa wazururaji, ataua mbuzi wa watu na huenda akarudi na kichaa. Amwone afisa mifugo wa kata yake, aeleze ukweli, na mbwa atafutiwe mtu mwenye shamba na muda.