Dambeli ya kilo 5 haitakufanya baunsa

Mtoto wa miaka 2 ana kilo 12 hivi. Mama yake humwinua kutoka sakafuni, humweka kiunoni na kumshika kwa mkono mmoja huku wa pili ukisaka funguo, na kwa siku hufanya hivyo mara nyingi. Mama huyohuyo akiingia jimu huchagua vidambeli vya kilo 1, maana kaambiwa vyuma vizito vitampa mikono ya kiume.

Dhana: Vyuma vizito humjaza mwanamke misuli

Homoni ya testosteroni, inayochangia sana ukuaji wa misuli, iko kwa mwanamume mzima takriban mara 10 hadi 20 ya ilivyo kwa mwanamke. Mwanamke akinyanyua vyuma nguvu zake hupanda haraka, lakini katika wiki za mwanzo sehemu kubwa ya nguvu hizo hutokana na mishipa ya fahamu kujifunza kuiamsha misuli iliyokuwepo tayari. Mkono unaweza zaidi, ukubwa wake uleule.

Wale wanawake unaowaona pichani wamevimba mabega wamefanya kazi hiyo kwa miaka, wakala kwa mpango, na wengine wakatumia dawa. Hakuna anayefika huko bila kutaka, kama ambavyo hakuna aliyewahi kukimbilia basi akashtukia amemaliza marathoni.

Ukitaka ushahidi, mtazame Hou Zhihui wa China. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, alishindana katika kundi la wanawake wasiozidi kilo 49 na kuinua kilo 116 juu ya kichwa. Ingekuwa uzito wa chuma peke yake ndio unaojaza mwili, angekuwa ameshalihama kundi hilo zamani.

Dhana: Dambeli nyepesi na marudio mengi hukata mwili, nzito huujaza

Msuli hausomi namba iliyoandikwa kwenye dambeli. Unachokijua ni kama umefikishwa karibu na kuchoka. Hata uzito mwepesi hujenga misuli ukiurudia mpaka mkono ukaribie kugoma, ila utakaa hapo muda mrefu. Kunyanyua kilo 1 mara 15 huku unapiga soga ni kupunga hewa tu.

Chagua uzito ambao ukifika rudio la 8 mpaka la 12 uso unaanza kukunjamana, na ukiushusha unajua ungeongeza mawili, labda matatu. Siku ukiona ungeweza kuongeza sita, umeshauzidi. Panda.

Dhana: Zoezi la nyuma ya mkono huyeyusha nyama uzembe za hapohapo

Hii ndiyo inayouza video nyingi kuliko zote. Mwili huchukua mafuta unakotaka wenyewe, kwa mpangilio wake, na hauulizi leo umechosha kiungo gani. Mafuta hupungua ukila pungufu ya unachotumia.

Zoezi lina kazi nyingine. Msuli wa nyuma ya mkono hubeba karibu theluthi mbili za misuli ya mkono wa juu, na ndipo hasa wanawake wengi wanapopalalamikia, lakini kwenye kioo kila mtu anakunja ule wa mbele kwa sababu ndio anaouona. Shika dambeli moja kwa mikono miwili, ipeleke nyuma ya kisogo, viwiko vikitazama mbele, kisha nyoosha mikono juu. Mkono unaousifia kuwa mwembamba na umekaza una misuli ndani na mafuta machache juu yake. Anayeogopa msuli anaukimbia mkono uleule anaoutafuta.

Dhana: Wiki ya pili mikono imevimba, basi nimeanza kujaa

Ni damu na maji. Baada ya zoezi mkono hutuna kwa muda kisha hurudi, na msuli mgeni kwa mazoezi huweka akiba ya wanga pamoja na maji. Wengi huachia hapa, na inauma, kwa sababu mabadiliko yenyewe hayajaanza kuonekana. Pima mkono kwa futi ya fundi cherehani leo, halafu usiiguse mpaka miezi 2 ipite.

Dhana: Ukiacha, misuli hugeuka mafuta

Haigeuki. Misuli husinyaa, na anayeendelea kula vilevile huongezeka mafuta. Mambo mawili tofauti yaliyotokea msimu mmoja.