Bruda wa Fountains hakuwa kibarua

Picha za magofu ya abasia (monasteri kubwa) ya Fountains, kule Yorkshire nchini Uingereza, zikizunguka mtandaoni, maelezo yake hayabadiliki: huku waliishi wamonaki, na kule kwenye lile jengo refu la magharibi waliishi "vibarua wao". Hapana jamani.

Walioishi kule ni mabruda walei, kwa Kilatini conversi. Bruda mlei wa Wasistersiani, shirika la watawa lenye Fountains, ni mtu mzima aliyeingia utawani, akaahidi utii kwa abate, mkuu wa abasia, akabaki humo mpaka kufa, ila ibada yake kubwa ilikuwa jembe na kondoo badala ya zaburi za kwaya. Kibarua hulipwa, na kazi ikiisha huenda zake. Bruda hakulipwa, na hakuwa na pa kwenda.

Neno lenyewe ni la zamani kuliko shirika hilo. Conversus ni aliyegeuka. Awali aliitwa hivyo mmonaki aliyeingia akiwa mtu mzima, tofauti na aliyelelewa monasterini tangu utotoni. Wasistersiani, walioanzia Cîteaux mwaka 1098, walilishika na kulieneza kwa maana nyingine, ya bruda mlei. Sababu ni ya kiuchumi kabisa: hapo mwanzo walikataa kuishi kwa zaka na kodi za wakulima, na hawakutaka kumiliki watu wa kuwalimia. Sasa mmonaki anayeitwa kanisani usiku na mchana atachungaje kondoo walio mbali? Akaja bruda.

Lakini kumwita mmonaki nako ni kukosea, na hapa ndipo wengi wanaojua kidogo hujikwaa. Bruda alifuga ndevu, mmonaki alinyoa. Bruda hakumpigia abate kura, hakuruhusiwa kuwa na kitabu, na sala zake chache, Baba Yetu mojawapo, alizijua kwa moyo. Kupanda daraja awe mmonaki ilikuwa marufuku. Wapo waungwana waliojiunga kama mabruda kwa unyenyekevu. Mwaka 1188 shirika likaamua waungwana wawe wamonaki tu. (Unyenyekevu nao una mipaka, inaonekana.)

Pale Fountains, iliyoanzishwa mwaka 1132 na wamonaki waliohama abasia ya Mtakatifu Maria mjini York, tofauti hiyo imejengwa kwa mawe. Jengo lile la magharibi lina urefu wa takriban mita 90. Juu palikuwa bweni la mabruda, chini bwalo lao pamoja na ghala. Walikuwa na ngazi yao ya kushukia kanisani usiku, na humo walisali upande wa magharibi, wametengwa na kwaya ya wamonaki. Sufu iliyoitajirisha Fountains ilipita mikononi mwao.

Karne ya 14 mabruda walipungua sana, na tauni ya 1348 na 1349 ikamalizia. Mashamba yakakodishwa kwa wapangaji, kazi zikafanywa na watu wa mshahara, hadi Mfalme Henry VIII alipoifunga abasia mwaka 1539. Kwa hiyo ukiandika habari za Fountains ya miaka ya 1400, "kibarua" sina ugomvi nalo. Ya miaka ya 1200, tafadhali andika bruda.