Muuguzi hangoji bibi aanguke

"Uzee tu huo." Ndivyo tunavyosema, Newala hadi Kilwa, bibi anapoanza kushika ukuta akitembea. Muuguzi akibisha hodi, majirani wanauliza: kwani nani anaumwa?

Udhaifu wa uzeeni si umri wenyewe. Wapo wa miaka 80 wanaookota korosho zao, na wapo wa 65 wasioweza kuinuka mkekani. Wataalamu hutazama dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu, mshiko hafifu wa mkono, mwendo wa polepole na kutojishughulisha. Zikikutana tatu, mzee amedhoofika. Moja au mbili ni onyo, na hapo ndipo pa kuwahi.

Kwa hiyo muuguzi humpima presha akiwa amekaa, kisha amesimama, maana ikishuka ghafla akiinuka, kizunguzungu humwangusha. Huomba aone dawa zote, hata zilizofichwa chini ya mto. Mara nyingine ndizo zinazomlegeza. Huuliza jana alikula nini: ugali wa muhogo mtupu, au palikuwa na samaki, kunde, mbaazi? Humfundisha kusimama na kukaa kitini mara kadhaa kila siku, kwa sababu misuli hupata nguvu hata mtu akiwa na miaka 90.

Swali ninalolithamini zaidi ni la usiku: akienda choo cha uani, nani anammulikia? Tochi karibu na kitanda, na kamba ya kushikia kutoka mlangoni, hupunguza hatari ya kuvunjika nyonga.