Ncha za dhahabu haziongezi ubora wa picha

Ukiulizia waya wa HDMI, ule unaopeleka picha na sauti kwenye TV, madukani Barabara ya Sokoine, Arusha, utaonyeshwa wenye ncha za dhahabu: "Huu picha yake kali, kaka." Si kweli. Data za kidijitali zikifika zote, picha ni ileile, waya uwe wa bei chee au ya kukomoa. Zisipofika, utaona vidoti vyeupe vikimetameta au skrini ikizima na kuwaka. Dhahabu inazuia kutu tu, basi. Cha kuangalia ni uwezo wa kupitisha data: 4K, yaani picha yenye nukta nyingi zaidi ya HD, ya fremu 60 kwa sekunde huhitaji hadi gigabiti 18 kwa sekunde, kwa fremu 120 tafuta lebo ya Ultra High Speed, yaani gigabiti 48 kwa sekunde. Ila kwa king'amuzi cha kawaida, waya uliokuja kwenye boksi unatosha kabisa.