Dawa za Njozi kwa Wenye Kiwewe: Dhana na Ukweli

Dhana: Wazungu wamepata kidonge kinachofuta kiwewe.

Kinachojaribiwa si kidonge peke yake. Katika majaribio ya MDMA, dawa ambayo mitaani huitwa ecstasy, mgonjwa wa kiwewe huonana kwanza na wataalamu wawili mara tatu, dakika 90 kila mara. Kisha hupewa dawa kwa siku tatu zinazoachana takriban mwezi: miligramu 80 hadi 120, na nusu yake tena baada ya saa moja na nusu hivi. Kila siku ya dawa huchukua saa nane. Baada ya kila siku ya dawa hufuata vikao vitatu vya mazungumzo, jumla tisa. Wazo ni kwamba dawa hulegeza hofu ili mazungumzo yafanye kazi.

Dhana: Imeshathibitika, sisi tunabaniwa tu.

Jaribio la 2021 lilihusu watu 90. Kati ya waliopewa MDMA, asilimia 67 hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa wa kiwewe. Kwa waliopewa kidonge bandia na mazungumzo yaleyale, 32. Hiyo 32 nayo si haba. Kasoro ni kwamba mgonjwa hutakiwa asijue alichomeza, ilhali MDMA hubana taya na kuukimbiza moyo, kwa hiyo wengi hutambua, na matumaini yao huingia kwenye matokeo. Agosti 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuiidhinisha, ikataka jaribio jingine. Australia iliruhusu madaktari maalumu wa akili kuiandika kuanzia Julai 2023. Kwa sheria za Tanzania, MDMA ni dawa ya kulevya, basi.

Dhana: Mnanaha na uyoga wa porini ni kitu kilekile, tena bure.

Hapa ndipo watu hufa. Sumu ya mnanaha ni atropini na skopolamini: mdomo hukauka, mboni hupanuka, mwili huchemka, mkojo huziba, mtu huongea na wasiokuwapo. Mmea mmoja hauna nguvu sawa na wa jirani yake, kwa hiyo hakuna kipimo salama.

Uyoga unaoua ini hauna haraka. Kutapika na kuhara huanza saa 6 hadi 24 baada ya kula, kisha hutulia. Nyumbani wanashukuru amepona, kumbe ini linaharibika. Usingoje: mpeleke hospitali pamoja na uyoga uliobaki, umefungwa kwenye karatasi, si mfuko wa nailoni unaouozesha.

Dhana: Chini ya daktari hakuna hatari.

MDMA hupandisha presha, hivyo wenye maradhi ya moyo hukataliwa. Wenye historia ya skizofrenia, ugonjwa wa akili, pia. Halafu mtu aliyelegezwa hivyo hunyonyeka kirahisi. Hiyo ni sababu mojawapo ya vikao vya majaribio kurekodiwa kwa video.

Dhana: Basi huku Kusini mwa Tanzania hakuna tiba.

Ipo. Tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, pamoja na sertralini, dawa inayotumika pia kwa sonona, zina ushahidi wa muda mrefu zaidi. Aliyekimbia Kitaya, kijiji cha Mtwara kilichoshambuliwa Oktoba 2020, au mvuvi aliyepinduliwa na bahari, dalili zikipita mwezi mmoja aanzie kituo cha afya na kuomba rufaa kwenda hospitali ya Ligula mjini Mtwara, au Sokoine kwa walio Lindi. Sertralini huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu. Wapo wanaoiacha mapema wakidhani haifanyi kazi.

Mbele ya daktari, taja tukio lenyewe, ndoto, kushtuka, na njia au sehemu unazozikwepa. Ukisema tu kichwa kinauma na usingizi hauji, utarudi na parasetamoli.